Mwaka Niliosema Saba

Habari za kifo cha Mama Furaha zilinikuta katika chumba cha walimu, Randburg, nikiwa nasahihisha mtihani wa biolojia wa darasa la kumi na mbili. Ujumbe ulitoka kwa mtu wa kanisa lake na ulikuwa mfupi: mama ametutoka, msiba uko nyumbani kwake Doornfontein, mazishi Jumamosi, Espérance yuko njiani anakuja. Niliusoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, kwa sababu mama yule alinilisha mwaka mzima kana kwamba amenizaa. Mara ya pili macho yangu yalikwama kwenye jina la Espérance, na machozi yakakatika. Mimi ni mtu mzima sasa. Nina mume, nina watoto wawili wanaonijibu kwa Kiingereza kila nikiwasemesha Kiswahili, nina wanafunzi niliowafundisha ambao leo ni madaktari. Hata hivyo jina lile lilitosha kunirudisha kwenye miaka yangu ishirini na nne. Mezani mbele yangu kulikuwa na rundo la karatasi ambamo vijana walikuwa wakieleza, wengi wao vibaya, jinsi ribosomu inavyoishika RNA mjumbe kabla ya kuanza kutengeneza protini. Niliweka kalamu chini, nikamwambia mwalimu mwenzangu kwamba nimefiwa na mama. Alinipa pole bila kuuliza mama yupi.

Ya Tanga na ya wazazi wangu nayaacha, maana hayana kosa katika haya. Naanza na chumba. Kilikuwa ghorofa ya nne, dirisha moja linalotazama karakana ya kutengeneza redieta, vitanda viwili vyembamba vilivyoachana kiasi cha mtu kupita kwa ubavu. Kimoja changu, kimoja cha Espérance. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nimepata nafasi ya mwaka wa nne wa biolojia ya molekuli katika chuo kilichokuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na nilikuwa natafuta mahali pa kulala. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa duka la vitambaa: kitanda kinapatikana kwa binti anayesoma. Mwenye nyumba alikuwa Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Aliponiona nimejitanda mtandio aliniuliza kama nakula nyama ya duka lolote. Nikamwambia sili. Tangu siku hiyo nyama ya nyumba ile yote ilinunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu, Fordsburg, na jikoni kwake Mkristo yule hapakuingia kitu ambacho mimi nisingeweza kukila. Hakulisema jambo hilo. Nililigundua mwezi wa pili, nilipokuta mfuko wa bucha ile kwenye ndoo ya taka.

Espérance alikuwa mpwa wake. Alikuja mjini miaka mitatu kabla yangu akiwa na karatasi ya ukimbizi ya kupanga foleni kuihuisha, akaingia chuo kilekile, darasa lilelile, na kwa ajabu ya Mungu tukapangiwa maabara moja chini ya msimamizi mmoja. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, kwa hiyo aliniita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa kwao. Nilipenda kuitwa hivyo kwa wiki kama tatu. Baada ya hapo nilianza kumwona. Niliona jinsi anavyolala: akiweka kichwa tu, tayari, huku mimi nikihesabu honi za teksi mtaani. Niliona anavyosoma redio ikiwa wazi na shangazi yake akiongea na wateja, na bado anakumbuka. Niliona kwamba mlinzi wa lango la chuo, mtu wa Tanga kama mimi, anayejua hata mtaa niliokulia, humsalimia yeye kwanza. Haya ni mambo madogo, nami najua ni madogo, lakini wivu haujengwi kwa mambo makubwa. Makubwa mtu huyakubali kama kudura. Ni haya ya kila asubuhi yanayokula.

Maabara yetu ilishughulika na swali moja. Ndani ya kila seli kuna vyombo vidogo vinavyoitwa ribosomu, na kazi yake ni kusoma ujumbe na kutengeneza protini kwa kuufuata. Ujumbe wenyewe ni uzi mrefu wa RNA. Ribosomu ina vipande viwili, kidogo na kikubwa, na kwa kawaida ya bakteria kile kidogo hutangulia kuushika uzi, kisha kikubwa kinakuja juu yake na kufunga. Sisi tulitaka kujua hasa kipande kidogo kinapajuaje pa kushika, kwa sababu uzi ni mrefu na pa kuanzia ni mahali pamoja tu: herufi tatu, A na U na G. Jibu la vitabuni nililijua kwa moyo. Nyuma kidogo ya herufi hizo tatu kuna herufi nyingine chache, A na G zikijirudia, na kwenye mkia wa RNA iliyomo ndani ya kipande kidogo kuna herufi za kuzipokea. Zinakutana, zinashikana, na uzi unatulia mahali pake. Niliweza kukuandikia hayo yote bila kufuta neno.

Jioni moja, mwanzoni mwa muhula, Mama Furaha alituuliza tunafanya nini huko kutwa nzima. Tulikuwa tunakula sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wa chumvi, mezani palepale alipokuwa akikatia vitambaa, vitenge vimekunjwa upande mmoja, na harufu ya pasi ya mvuke haijatoka chumbani. Nilijibu mimi. Nilieleza kwa utaratibu, jina la kila kitu mahali pake, na mama akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Umesoma sana, mwanangu." Ilikuwa sifa, na ilikuwa pia kufunga mlango. Ndipo Espérance akanyonya vidole, akainuka, akavuta kipande cha kitambaa akakiweka chini ya sindano ya cherehani. Akamwambia shangazi yake kwamba kitambaa ndicho ujumbe. Bamba la chini la cherehani ndicho kipande kidogo. Mguu unaoshuka juu kukibana kitambaa ndicho kipande kikubwa. Mguu haushuki mpaka kitambaa kimekaa sawa kwenye bamba. Mama Furaha akauliza, sasa kitajuaje kinakaa wapi, maana ukianza nusu sentimita pembeni gauni lote limeharibika. Espérance akasema hilo ndilo swali lenyewe, tantine, hilo ndilo tunalolitafuta. Mama akafikiri, akatafuna, akasema kwamba lazima kuna mtu amepiga alama ya chaki kabla. Espérance akapiga makofi. Ni hivyo hasa, alisema, kuna chaki.

Waliongea vile mpaka chakula kikapoa, wakichanganya Kiswahili cha kwao na Kifaransa, mama akiuliza na mpwa akijibu, na mara mbili nilisikia swali ambalo mimi, msomi wa mezani, sikuwahi kulifikiria. Mama aliuliza kama kuna kitambaa kisicho na chaki kinachoshonwa hivyohivyo. Espérance alisema hajui. Alisema neno hilo kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi sikuwahi kusema sijui kwa furaha maishani mwangu. Nilikusanya sahani nikaenda kuziosha, na maji yalipokuwa yakitiririka nilikuwa nikijiambia kwamba cherehani si sayansi.

Kazini nilikuwa bora kuliko yeye kwa kila kipimo kinachoonekana. Meza yangu ilikuwa safi. Yake ilijaa vichupa visivyooshwa, na mara nyingi nilimwoshea mimi, kisha nikamchukia kwa kuwa nimemwoshea. Kwa sababu ya usafi huo msimamizi wetu, Daktari Govender, alinipa kazi ya kuandaa RNA za maabara yote. Nilizitengeneza, nikazitia katika vichupa vidogo tisa, nikavipa namba, na maelezo ya kila namba nikayaandika katika daftari langu. Mbili ndizo zilizokuwa za mradi wa Espérance. Namba nne ilikuwa RNA nzima, yenye ile sehemu ya mbele, yaani yenye chaki. Namba saba ilikuwa RNA ileile iliyokatwa sehemu ya mbele, ikianza moja kwa moja na A, U, G. Hiyo fupi iliwekwa iwe ya kulinganishia tu. Tulitarajia kwamba ribosomu haitaishika.

Mwezi wa Septemba, wiki moja kabla ya siku ya kila mwanafunzi kuwasilisha kazi yake mbele ya idara, nilipita kwenye ujia nikiwa nimebeba trei ya barafu. Mlango wa Daktari Govender ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Alikuwa akiongea na mwalimu mwingine kuhusu nafasi ya shahada ya uzamili. Ilikuwa nafasi moja, yenye ufadhili, na kwangu ilimaanisha pia kibali cha kuendelea kukaa nchini. Alisema kwamba katika kazi ya Zuhura, yaani mimi, hutakuta kosa hata ukitafuta kwa tochi. Nilisimama. Kisha akasema, na namna alivyosema ilikuwa ya upole, bila dharau yoyote, kwamba Zuhura anajua yote yaliyokwisha kuandikwa, ila huyu Mkongomani anauliza yasiyoandikwa, na ndiye atakayemchukua, labda tu aharibu siku ya Ijumaa. Barafu ilikuwa inanichoma vidole na sikuweza kuondoka. Nilikuwa nasubiri aongeze neno juu yangu. Wakaanza kuzungumzia maegesho ya magari.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye sinki naosha, nimempa Espérance mgongo. Alifungua jokofu la barafu, nikasikia vichupa vikigongana. Hakuwa na tabia ya kuangalia daftari. Kwa nini aangalie, wakati mimi nipo?

"Yaya, ile nzima ni namba gani?"

Nimeisikia sauti yangu ya siku ile mara nyingi tangu hapo. Haikutetemeka, wala haikuchelewa. Maji yalikuwa yanatoka, mikono yangu ilikuwa ndani ya povu, nami nikasema, "Saba."

"Merci, yaya," alisema, akafunga jokofu.

Watu wakisimulia maovu yao husema walipitiwa na shetani. Mimi sikupitiwa. Nilikuwa na siku nzima ya kugeuka na kusema samahani, nimekosea, ni nne, na hakuna ambaye angenishuku. Nilimwangalia akiichanganya RNA na kipande kidogo cha ribosomu katika kichupa kimoja, na ribosomu nzima katika kingine, kisha akivimimina kwenye karatasi za kuchujia. Jaribio lile lilikuwa jepesi kulielewa. RNA iliyo peke yake hupita kwenye karatasi ikaenda zake. Iliyoshikwa na ribosomu hubaki juu, na mashine huhesabu kilichobaki. Nilijua kitakachotokea. Karatasi zake zote zingetoka tupu, angerudia, zingetoka tupu tena, na Ijumaa angesimama mbele ya watu bila la kusema. Sikumtakia mabaya zaidi ya hayo. Nilitaka aonekane mara moja tu, kwa dakika kumi, jinsi mimi nilivyojihisi mwaka mzima.

Jumanne na Jumatano aliacha kula. Alikaa mezani akiuvurugavuruga ugali kwa kidole, anatazama ukuta. Ndani yangu kulikuwa na joto fulani ambalo naona aibu kuliita raha, lakini lilikuwa raha. Mama Furaha aliponikuta jikoni aliniambia kwa sauti yake ndogo kwamba mwenzangu ana shida na mimi ndiye dada yake hapa, nimuulize. Nikaenda chumbani nikamuuliza. Espérance alikuwa amekaa kitandani, karatasi zimetapakaa mpaka kwenye kitanda changu. Alinitazama, akasema, "Bado sijui niite shida ao nini." Akarudi kwenye karatasi zake. Nilizisogeza nikalala. Asubuhi alikuwa ameshaondoka, na nilipofika maabara nilimkuta anasafisha kifaa cha jeli, kile tunachotumia kupima urefu wa RNA. Sikuuliza. Niliona daftari langu lipo juu ya meza, mahali nilipoliacha, na sikufikiri lolote zaidi.

Ijumaa tulikutana chumba cha mikutano, ghorofa ya tatu, watu kama kumi na wawili, chai kwenye kigari, biskuti zilizolegea. Nilitangulia mimi. Kazi yangu ilikuwa sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza, mwenyekiti aliuliza kama kuna maswali, watu wakatazama biskuti. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Katika chumba kama kile, kutoulizwa swali ndiyo hukumu yenyewe, nami nilirudi kukaa nikiwa nimeshasomewa.

Espérance alisimama na karatasi mbili tu. Alisema kwamba alikusudia kuonyesha jinsi kipande kidogo kinavyoishika RNA kwa kutumia zile herufi za mbele, lakini amepata jambo jingine. Kipande kidogo peke yake hakikushika kitu. Karatasi ilitoka karibu tupu. Ribosomu nzima, vipande viwili vikiwa vimekwisha kufungana, iliishika RNA na kubaki nayo. Ni kinyume cha utaratibu tunaofundishwa, alisema, kwa sababu kwa kawaida ribosomu iliyokwisha kufungana ndiyo isiyoweza kuupokea uzi vizuri. Akarudia mara tatu, akapata yaleyale. Ndipo akaipima RNA kwenye jeli akaona inakimbia mbele kuliko inavyotakiwa: ni fupi, sehemu ya mbele haipo. "Kwa hiyo swali langu lilibadilika," alisema. Kama hakuna alama inayokiongoza kipande kidogo, ni nini kinachoshikwa? Akapendekeza kwamba RNA inayoanza na A, U, G penyewe, bila kitu mbele yake, huingia ndani ya ribosomu nzima, na kwamba RNA nyingine ndogo, ile inayoleta kiungo cha kwanza cha protini, ndiyo inayoisaidia kutulia, kwa kuzitambua herufi tatu zile. Daktari Govender alikuwa ameegemea mbele. Alieleza baadaye kwamba wachache mahali pengine walikwisha kuliona jambo lile, lakini Espérance hakuwa amewasoma; alilifikia kwa miguu yake.

Halafu Daktari aliuliza swali nililokuwa nikiliogopa. Aliuliza RNA fupi ilifikaje mkononi mwake, maana anayeandaa vichupa ni Zuhura. Vichwa vilinigeukia. Espérance hakunitazama. Alikuwa anatazama karatasi yake.

"Nilichukua namba isiyo yenyewe," alisema. "Kosa ni langu."

Daktari akasema basi na sisi wengine tukosee vile, watu wakacheka, na maswali yakaanza. Aliulizwa kwa zaidi ya nusu saa. Chai ilipoa. Mimi nilikaa nikisikiliza mtu anavyojibu, mara nyingi kwa kusema sijui, na kila sijui ilimpandisha. Mkono wangu ndio uliompa jambo lile. Kama ningesema nne, angepata jibu la vitabuni kama langu, na nadhani wangemuuliza maswali mawili wakaenda nyumbani.

Nafasi aliipata yeye. Jumapili, baada ya kanisa, Mama Furaha alitaka kumpikia kuku wa pongezi. Alinunua kuku hai wawili, akawapandisha ghorofa nne kwa miguu kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, kisha akashuka tena kumtafuta jirani mmoja wa Zanzibar aje achinje, ili na mimi nile. Nilimsikia kwenye ngazi akihema, akimweleza yule bwana kwamba ana binti Mwislamu ndani. Alisema binti, hakusema mpangaji. Tulikula kuku wale na wali na ndizi za kukaanga, watu wa kanisa walijaa, wakaimba, na mimi nilipewa paja. Nililila. Sikushindwa kumeza, kama watu wanavyosema katika hadithi. Lilikuwa tamu, na nilikuwa na njaa, na nilimchukia kila aliyekuwa chumbani, nikianza na mimi mwenyewe.

Mwaka ulipokwisha nilihamia Hillbrow kwa watu wa Dar niliokuwa nawajua kidogo, nikasoma ualimu, nikapata kazi Randburg, nikaolewa. Mama Furaha niliendelea kumtembelea Idi na Krismasi, nikihakikisha kwanza kwamba Espérance hayupo. Yeye aliendelea mpaka udaktari, akaenda Ulaya, akapewa maabara yake. Kwa miaka mingi nilitafuta jina lake kwenye kompyuta ya shule, saa ambazo sina kipindi, na kila nilipokuta makala mpya niliisoma yote, hadi orodha ya marejeo, nikitafuta kosa. Na katika miaka hiyo yote swali langu lilikuwa lilelile: alijua? Kuna siku niliamini kwamba alidhani amesikia vibaya. Kuna siku niliamini kwamba alijua na alinisamehe, na siku hizo ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, kwa sababu hata utakatifu nilikuwa sitaki awe nao.

Jumamosi tulimzika mama. Tulirudi Doornfontein watu wengi, nyumba ikajaa kama siku ile ya kuku, ila sasa nywele zilikuwa nyeupe. Umeme ulikatika saa nane mchana kwa zamu yake ya mgao, mafundi wachanga aliowafundisha kazi wakahamishia viti karibu na dirisha. Espérance alikuwa amevaa miwani na amenenepa, anafanana na shangazi yake kwa namna iliyonishtua. Alinikumbatia kwa muda mrefu, akaniita yaya mbele ya wote. Baadaye nilimkuta jikoni anaosha sahani, nikachukua kitambaa nikasimama kando yake nipanguse. Tuliongea juu ya ugonjwa wa mama, juu ya watoto wangu, juu ya baridi ya huko aliko. Nilijua nisiposema pale sitasema tena.

"Espérance, ile namba saba," nilisema. "Uliniuliza nami nikakwambia saba."

"Ndiyo," alisema. Hakuacha kuosha. "Nilisikia vizuri. Na kisha nikaangalia daftari yako, ulikuwa umeiacha juu ya meza. Nzima ilikuwa nne."

"Kwa hiyo ulijua ni mimi."

"Weye haukuwa mutu ya kukosea namba, yaya."

Alilisema bila ukali. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa miaka, maneno ya kuomba radhi, yamepangwa vizuri kama kila kitu changu, na yote yalinitoka. Nikamuuliza kwa nini basi alisema mbele ya watu kwamba kosa ni lake. Akasuuza sahani, akanipa.

"Kama ningesema ni weye, wote wangeanza kuongea juu yako. Mie nilitaka waongee juu ya ribosomu."

Nilimuuliza kama alinichukia. Akasema labda angenichukia, lakini wiki ile hakuwa na nafasi, na baadaye alisahau. Mtu mmoja akamwita kutoka sebuleni, ni nani atakayechukua cherehani za mama, akajifuta mikono kwenye sketi yake akaenda.

Nilibaki na sahani. Nilikuwa nimesubiri hasira yake, au msamaha wake, chochote kile ambacho kingeonyesha kwamba nilikuwa na uzito katika maisha yake kama yeye alivyokuwa na uzito katika yangu. Mwaka mzima ule nilikuwa nikimtazama yeye: anavyolala, anavyokula, nani anamsalimia. Yeye alikuwa anatazama karatasi iliyoshika kitu kisichotakiwa kushikwa, na hata nilipomtendea ubaya, aliutazama ubaya wenyewe kidogo tu, akaona kuna jambo la maana zaidi nyuma yake. Sebuleni nilimsikia akiwauliza wale mafundi wachanga ni nani kati yao anapenda kushona na nani anapenda tu kuwa na cherehani, na vicheko vikainuka katikati ya msiba. Nilimaliza kupangusa sahani zote, nikazipanga kwa ukubwa. Mikono yangu ilikuwa imetulia. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa bado namwonea wivu.